Rufiji Ilipoanza Kuhesabu Misiba Yake

Boksi la dawa lilikuja zahanatini kwetu mara moja kwa mwezi, limefungwa, na vitu vilivyokuwamo ni vilevile walivyopelekewa wenzetu wa Njombe kwenye baridi kali. Klorokwini, aspirini, penisilini, dawa za minyoo, bandeji. Mpango ule wa dawa muhimu ulianza katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Denmark na UNICEF, nami siubezi hata kidogo, maana kabla yake zahanati nyingi za vijijini zilikaa miezi bila kidonge. Lakini sisi tuliotibu watu Rufiji, bonde la mafuriko na mbu, tuliona wazi kwamba aliyelipanga lile boksi hajauliza wilaya hii inaumwa nini. Masika yakianza klorokwini ilikwisha mapema, na dawa nyingine zikabaki rafuni zikingoja wagonjwa ambao hatukuwa nao.

Naandika habari hii kwa sababu vijana ninaokutana nao kwenye ofisi za halmashauri leo wanadhani upangaji wa afya wilayani umekuwapo siku zote. Haukuwapo. Ulikuja kwa taabu, na sehemu mbili ulikoanzia zilikuwa kwetu Rufiji na Morogoro Vijijini.

Kwanza ieleweke kwamba kwa zaidi ya miaka kumi Tanzania Bara haikuwa na halmashauri za wilaya. Zilivunjwa mwaka 1972, serikali ilipopeleka watendaji wake mikoani na wilayani na kuyaita mabadiliko hayo madaraka mikoani. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wa rika langu hawawezi kuisahau. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, kiongozi wa kikundi akisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wakisikia habari za kichocho au kuhara, walijadili, kisha wakatoka kwenda kufyeka majani, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Naiheshimu kampeni ile kuliko nyingi zilizokuja baadaye, kwa kuwa ilimchukulia mwanakijiji kama mtu mwenye akili ya kutenda. Ila ilipangwa Dar es Salaam, na ilipokwisha hakubaki chombo cha wananchi wilayani cha kuiendeleza.

Kipindupindu cha mwaka 1977 kilionyesha pengo lilikuwa wapi. Miji haikuwa na mabaraza ya kusimamia taka, mitaro na maji, na mwaka 1978 serikali ikaamua kuyarudisha. Halmashauri za wilaya zilingoja sheria ya 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Zilirudi zikiwa na madiwani, mihuri na majengo yaliyochakaa. Fedha hazikurudi nazo. Bajeti ya afya ya wilaya ikawa kazi ya karani: unachukua ya mwaka jana, unaongeza kidogo, unaipeleka juu. Hakuna aliyeuliza watu wamekufa kwa ugonjwa gani, na hata mtu angeuliza, asingepata jibu. Madaftari yetu ya zahanati, na baadaye yale ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, yalituhesabia wale tu waliofika kutibiwa. Watu wetu wengi walifia nyumbani.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza vifo vingi kwa takribani dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye magonjwa yanayoua zaidi na kwenye tiba zinazofaa. Wakanada, kupitia shirika lao la utafiti la IDRC, wakataka kuona kama maneno hayo yana ukweli. Pamoja na Wizara ya Afya wakaanzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, ukiongozwa na watu kama Harun Kasale na Don de Savigny. Wilaya mbili zilizochaguliwa, Rufiji na Morogoro Vijijini, zilikuwa na watu wapatao laki saba kwa pamoja.

Kilichonivuta mimi tangu mwanzo ni ile hesabu ya vifo. Mwishoni mwa 1998 kituo cha takwimu kilianza kazi Ikwiriri, hapa kwetu Rufiji. Wadadisi, wengi wao vijana wa palepale, walipita kila kaya katika eneo lenye watu wapatao 85,000 kaskazini mwa mto Rufiji, na kurudi kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipokuwa na msiba walisubiri, kisha akaja mdadisi aliyefunzwa kuuliza wafiwa namna ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwenda. Fomu ile ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, aliletwa wa tatu.

Nilimsindikiza mdadisi mmoja kwa mama niliyemfahamu, aliyefiwa na mtoto wake. Tulikaribishwa jamvini barazani, tukampa pole, tukanyamaza kwa muda kama inavyostahili. Homa ilianza lini? Alikuwa akipumua kwa shida? Alikuwa na degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Kwa swali hilo la mwisho mama hakujibu kwa mdomo. Alifungua pindo la kanga akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mara nne, mstari wa uzito umepanda vizuri hadi mwezi wa tisa. Nyuma yake palikuwa na tarehe mbili za kufika zahanati, moja siku ya kwanza ya homa, ya pili keshoye. Mdadisi aliziandika zote mbili.

Siku zile ukihudhuria kikao chochote cha afya ungesikia kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Nimeyasikia maneno hayo kwa viongozi wa kila ngazi. Fomu za Rufiji ziliyakanusha. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004, karibu wanane kati ya kila kumi waliofariki kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya hospitali. Mama alikuwa ametimiza wajibu wake. Kilichopungua kilikuwa upande wetu: dawa iliyokwisha nguvu, uchunguzi wa haraka mno, rufaa isiyo na gari wala kivuko cha usiku. Kwangu huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya mradi ule, na unasemwa kwa nadra mno.

Hesabu zikapelekwa mezani kwa timu ya afya ya wilaya kwa michoro ambayo hata diwani asiye mtaalamu aliielewa: huku kila ugonjwa na maisha unayoyapoteza, huku fedha zilizotengwa. Morogoro, malaria ilichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na asilimia 5 tu ya bajeti. Ukishauona mchoro kama huo huwezi tena kunakili bajeti ya mwaka jana.

Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo. Mradi ulikuwa tayari kutoa hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zilimudu kutumia kama senti 80. Lakini zilikuwa fedha za wilaya kuamua yenyewe. Waganga wa zahanati walifunzwa kumkagua mtoto mgonjwa kwa utaratibu mmoja, malaria, nimonia, kuhara na lishe kwa pamoja, badala ya kutibu kilichotajwa na mama tu. Vyandarua vyenye dawa vilihimizwa. Vituo vya afya vilipewa pikipiki ili visimamie zahanati zilizo chini yao, na redio koli za umeme wa jua. Wale mliokulia na simu mfukoni hamwezi kujua maana ya kuita hospitali ya wilaya kule Utete na kujibiwa mama mjamzito akiwa anatoka damu. Wanavijiji nao walifyatua matofali, wakabeba mchanga na maji, wakakarabati zahanati zao chini ya kamati walizozichagua.

Matokeo hayakuchelewa. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Vya walio chini ya miaka mitano kutoka 140 hadi 120. Ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wapo wataalamu wanaobishana ni kiasi gani kilitokana na mradi, maana mambo mengine yalibadilika pia, ikiwamo klorokwini kuondolewa mwaka 2001. Ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo nilikuwapo, na wodi ya watoto masika haikuwa tena ile niliyoizoea.

Serikali iliona. Mfuko wa pamoja wa wafadhili ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, fedha za afya zilianza kwenda kwenye halmashauri kwa kufuata mpango wa mwaka, ambao sasa unaitwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hizo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Mganga wa zahanati na kamati yake wananunua dawa wanazoziona zimepungua, jambo ambalo mimi wa enzi za boksi nisingeliota.

Lakini ninapousoma mpango wa halmashauri siku hizi nakuta mwongozo umekwisha kupanga viwango vya asilimia kwa kila fungu, na wataalamu wa wilaya wanatumia wiki nzima kuoanisha namba zao na viwango hivyo. Wadadisi nao hufika katika maeneo machache tu nchini. Wilaya nyingine zote zinapanga kwa kutumia daftari la waliofika kituoni, na yule aliyefia nyumbani baada ya kufika mara mbili haonekani humo kama amekufa. Naomba kila halmashauri ipewe japo kata chache ambazo misiba yake inaulizwa na kuandikwa, na madiwani wasomewe matokeo kabla ya kupitisha bajeti.