UZI: Kukamata watu kwa makosa madogo kulianzia wapi?

1/ Kila msimu wa siasa Nairobi mjadala huu hurudi. Upande mmoja: "Wacheni kuhangaisha mama mboga." Upande wa pili: "Mkiacha kukamata, jiji litageuka choo." Wote hupigiwa makofi. Kabla hujachagua upande, tupitie historia kidogo. Mfano wetu ni Buruburu.

2/ Makosa madogo ni yapi? Kuchuuza bila leseni, kukojoa ukutani, kutema mate barabarani, kelele, kulewa ovyo, kuzurura. Si wizi, si kupiga mtu. Shika hiyo tofauti, kwa sababu jukwaani huwa wanazichanganya makusudi.

3/ Mzizi uko hapo kwa kuzurura. Mwaka 1824 Uingereza ilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeisha, na wanajeshi wasio na kazi walikuwa wamejaa barabarani. Sheria hiyo haikujali sana umefanya nini. Iliuliza: wewe ni nani, na unatafuta nini hapa?

4/ Wakoloni wakaja na fikra hiyo. Kenya wakaongeza kipande, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitembea na karatasi yake, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Kupatikana bila hiyo ni kosa. Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua, si kama mwenyeji.

5/ Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 182 kikaweka kosa la kuwa mtu "mvivu na mkorofi", na ombaomba wakaingizwa humo. Umaskini wenyewe ukapewa namba ya kesi.

6/ Eastlands inajua msako vizuri. Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil: Nairobi ikazingirwa, mitaa ya Waafrika ikapekuliwa, na watu zaidi ya 20,000 wakaishia vizuizini. Ilikuwa hali ya hatari, sawa, haikuwa kesi ya kutema mate. Lakini ile tabia ya kuzoa watu kwanza na kuuliza maswali baadaye haikuondoka na bendera.

7/ Buruburu ilikuja miaka ya 1970, mtaa wa watu wa tabaka la kati waliokuwa wakilipia nyumba kidogo kidogo, fezi baada ya fezi hadi tano. Kwa ramani, kila kitu kina mahali pake. Kwa maisha, watu wanataka sukuma karibu na geti, fundi wa viatu, mutura jioni. Vibanda vikaota.

8/ Ndiyo maana Buruburu haina majibu rahisi. Mwenye nyumba anayelalamikia kelele za baa na vibanda kando ya Mumias South Road ndiye huyo huyo anayenunua nyanya hapo saa moja usiku. Mlalamishi na mkamatwaji wanajuana kwa jina.

9/ Mwaka 1997 Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji. Watu wakadhani imeisha. Kifungu cha 182 kikabaki. Halafu 2007 jiji likapitisha sheria ndogo za kero za umma: mate, kupenga kamasi bila leso, kelele, kuzurura. Kazi ikabaki kwa kanjo.

10/ Sasa shida yenyewe. Katiba ya 2010, Ibara ya 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu mwenyewe: Jumatatu. Ibara hiyo hiyo inasema kosa la faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halifai kukuweka rumande.

11/ Kwa hivyo kati ya lori na korti kuna soko. Mama wa viazi akilala ndani wikendi, mtaji umeoza na watoto wako peke yao. Anayemshika anajua hivyo, naye mama anajua. Bei ya kuachiliwa inapatikana hapo hapo. Adhabu imetolewa na hakuna hakimu aliyesikia kesi.

12/ Na mara nyingine si pesa tu. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kosa la kafyu. Familia iliwapata mochari.

13/ Majirani wameshaamua. Malawi, 2017: Mahakama Kuu ilifuta kosa la uzururaji katika kesi ya mchuuzi Mayeso Gwanda, aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Desemba 2022, Uganda ikafuta vifungu vyake.

14/ Lakini tusidanganyane. Anayeishi juu ya baa isiyolala ana haki pia. Mkojo ukutani ni kero ya kweli. Na samansi haina maana kama mtu hana kitambulisho wala anwani. Faini nayo, kwa asiye na kitu, hugeuka kifungo.

15/ Ndiyo maana hoja si "sheria iwepo au isiwepo". Kuzurura na kuomba zifutwe, kwa sababu hakuna aliyeumizwa. Kelele na uchafu zibaki makosa, ila adhabu ifuate kosa: baa ipoteze leseni, mkosaji afagie. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 1998. Na choo cha umma kijengwe kabla ya mtu kushtakiwa kwa kukosa choo.

16/ Akija mtu kuomba kura Buruburu, muulize maswali matatu. Kosa gani hasa unataka watu wakamatwe? Kutoka kwa lori hadi kwa hakimu ni saa ngapi? Na pesa inayolipwa hapo katikati, risiti iko wapi?

Mwisho wa uzi. Sambaza kwa group ya court yenu.