Fahamu Jinsi Ubora na Thamani ya Upasuaji wa Mfuko wa Nyongo kwa Matundu Madogo Vinavyopimwa

Upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo ni miongoni mwa upasuaji wa tumbo unaofanyika kwa wingi zaidi duniani. Nchini Tanzania, upasuaji wa matundu madogo unafanyika katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Makala haya yanaeleza vigezo vinavyotumika kubaini iwapo upasuaji huo umefanyika kwa ubora, na iwapo matokeo yake yanalingana na gharama zake.

Upasuaji huu ni nini

Mfuko wa nyongo upo chini ya ini na huhifadhi nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Mawe yanapojitokeza ndani yake, mgonjwa anaweza kupata maumivu makali ya tumbo upande wa juu kulia, au mfuko ukavimba na kupata maambukizi. Daktari hupitisha kamera na vifaa vyembamba katika matundu madogo, ambayo kwa kawaida ni manne, baada ya tumbo kujazwa gesi, kisha huondoa mfuko wote.

Daktari Erich Mühe aliufanya kwa mara ya kwanza mjini Böblingen, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1985, na mwaka 1987 Philippe Mouret aliufanya mjini Lyon, Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbinu hiyo ilienea kwa kasi, kwa kuwa mgonjwa hupata maumivu machache na kurejea nyumbani mapema. Kasi hiyo iliambatana na ongezeko la majeraha ya mrija mkuu wa nyongo ikilinganishwa na upasuaji wa kufungua tumbo. Hapo ndipo haja ya kupima ubora ilipodhihirika.

Vigezo vya ubora

Kigezo cha kwanza hutangulia chumba cha upasuaji: je, mgonjwa alihitaji upasuaji? Watu wengi wenye mawe ya nyongo hawana dalili yoyote, na kwa kawaida hawahitaji kufanyiwa upasuaji. Hospitali yenye idadi kubwa ya upasuaji haiwezi kuhesabiwa kuwa bora kwa sababu hiyo pekee.

Kigezo cha pili ni matokeo. Yanayofuatiliwa ni vifo, kuvuja kwa nyongo, maambukizi, kurudiwa kwa upasuaji, na mgonjwa kulazwa tena ndani ya siku 30. Utafiti uliofanyika Uingereza na Ireland mwaka 2014, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 8,800 katika hospitali zaidi ya 160, ulionesha kuwa takriban wagonjwa 7 kati ya 100 walilazwa tena ndani ya siku 30, na takriban 11 kati ya 100 walipata tatizo baada ya upasuaji. Hospitali inayoacha kufuatilia mara mgonjwa anaporuhusiwa haiwezi kuyaona matatizo hayo.

Jeraha la mrija mkuu wa nyongo ndilo linalohofiwa zaidi, kwani huweza kumlazimu mgonjwa kufanyiwa upasuaji mwingine mkubwa na kuathiri ini kwa miaka mingi. Hutokea takriban mara 2 hadi 5 katika kila upasuaji 1,000. Hivyo, hospitali inayohudumia wagonjwa 100 kwa mwaka inaweza kupita miaka kadhaa bila tukio hata moja, na ukimya huo usiwe uthibitisho wa usalama.

Kwa sababu hiyo, hupimwa pia namna kazi inavyofanyika. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walifafanua masharti matatu ya kutimizwa kabla ya kukata chochote: eneo husika lisafishwe mafuta na tishu, sehemu ya chini ya mfuko itenganishwe na ini, na vionekane vitu viwili tu vinavyoingia katika mfuko, yaani mrija wake na mshipa wake wa damu. Picha ya hatua hiyo ikihifadhiwa katika jalada la mgonjwa, inaweza kukaguliwa.

Tahadhari katika kulinganisha

Mgonjwa wa dharura mwenye mfuko uliovimba hana hatari sawa na aliyepangiwa tarehe akiwa na afya njema. Takwimu zisipozingatia tofauti hiyo, hospitali ya rufaa itaonekana dhaifu kwa kuwa inapokea wagonjwa mahututi. Vilevile, daktari anapoamua kufungua tumbo kwa sababu haoni vizuri, huo ni uamuzi wa usalama. Ukihesabiwa kuwa kosa, madaktari watashawishika kuendelea pale walipopaswa kusimama.

Sweden imelishughulikia suala hili kupitia daftari la kitaifa la upasuaji wa mawe ya nyongo, GallRiks, lililoanza mwaka 2005. Hospitali huingiza taarifa za kila upasuaji, na matatizo hufuatiliwa hadi siku 30 baadaye.

Thamani

Mwaka 2006 Michael Porter na Elizabeth Teisberg wa Marekani walieleza thamani ya tiba kuwa ni matokeo kwa mgonjwa yakilinganishwa na gharama yote iliyotumika kuyapata. Gharama hiyo hujumuisha kipimo cha ultrasaundi, vifaa, siku za kulazwa, kulazwa tena, na siku ambazo mgonjwa hakufanya kazi. Upasuaji wa bei nafuu unaomrudisha mgonjwa wodini unaweza kugharimu kuliko ulioonekana ghali. Vivyo hivyo, kuchelewa kuna gharama: mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 unaelekeza kuwa mwenye mfuko uliovimba ghafla apewe upasuaji ndani ya wiki moja baada ya kugundulika.

Kwa Tanzania, yenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tiba inayolipiwa na bima hulipiwa kwa michango ya wengi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mwananchi anayeshauriwa kufanyiwa upasuaji huu anaweza kuuliza yafuatayo: je, dalili zake zinatokana na mawe hayo? Daktari hufanya upasuaji huo mara ngapi kwa mwaka? Ni wagonjwa wangapi hurudi na matatizo? Nani atamfuatilia akisharuhusiwa? Akipata homa, maumivu yanayozidi, au macho kuwa ya njano baada ya upasuaji, arejee hospitali bila kuchelewa.