Kwa nini kodi ya nyumba ni nafuu miji mingine? Soma kabla hujahamia mkoani

Mtu anayeishi Sinza, Dar es Salaam, akipata uhamisho wa kikazi kwenda Singida au Kigoma, kitu cha kwanza anachoambiwa na jamaa zake ni kwamba sasa atapumua. "Huko nyumba bei chee." Mara nyingi ni kweli. Kwa hela anayolipia chumba na sebule Sinza, Singida mjini anaweza kupata nyumba nzima yenye uzio na sehemu ya kufugia kuku.

Lakini waliohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016 wakitarajia hayo hayo walikuta mambo mengine kabisa. Kwa hiyo ni vizuri kujua unafuu huo unatoka wapi, na unaishia wapi.

Siyo wingi wa watu peke yake

Wengi hutaja sababu moja tu, kwamba Dar kuna watu wengi. Haitoshi. Mbagala kumebanana watu kuliko Masaki, na bado kodi ya Masaki ndiyo inayotisha.

Mwenye nyumba hapangi kodi kwa kupiga hesabu ya saruji aliyonunua. Anaangalia jirani yake anatoza ngapi na mpangaji anayekuja ana mfuko gani. Masaki wanapanga mabalozi, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na wakurugenzi wa kampuni. Kwa miaka mingi kodi za huko zilitajwa kwa dola, hadi kanuni za mwaka 2025 zilipozuia kupanga bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Singida wapangaji ni walimu, manesi, askari, wafanyakazi wa benki na vijana wenye biashara zao ndogo. Mwenye nyumba akitaja bei ya Sinza, nyumba itakaa tupu mpaka buibui wahamie. Isitoshe, kwenye miji midogo wenyeji wengi wanaishi kwenye nyumba zao au za familia. Wanaotafuta ya kupanga ni wachache, tena wengi wao ni wageni.

Ardhi rahisi, saruji ghali

Kuna imani kwamba mikoani nyumba ni nafuu kwa sababu kujenga ni rahisi. Kwa vifaa vya dukani, ni kinyume chake. Viwanda vikubwa vya saruji viko Wazo Hill jijini Dar es Salaam, Tanga, Mbeya na Mtwara. Bati, nondo na vigae vingi navyo vinapitia Dar. Mfuko wa saruji ukifika Kigoma umeshabeba nauli ya lori la safari ndefu.

Kilicho rahisi kule ni kiwanja, matofali ya kuchoma na mafundi. Kiwanja ndicho kinachobadilisha hesabu yote.

Mkoa wa Dar es Salaam una eneo la kilomita za mraba 1,393 hivi, na upande wa mashariki ni bahari, hakuna pa kusogea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Anayetaka kiwanja cha bei ya kawaida anasukumwa hadi Chanika na Bunju, au anavuka mpaka kabisa na kuwa mkazi wa Kibaha au Mkuranga, mkoa wa Pwani. Anayekataa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini Posta analipia ukaribu.

Singida hakuna biashara ya ukaribu. Kutoka pembeni ya mji hadi katikati ni safari fupi ya bodaboda.

Dodoma: mji ulioacha kuwa rahisi

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Kwa miongo kadhaa serikali iliendelea kufanya kazi Dar. Dodoma ilichangamka Bunge likikaa, likiahirishwa inatulia. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilileta maelfu ya wanafunzi wanaohitaji vyumba, lakini mwanafunzi naye ana kikomo cha hela.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, safari hii kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwaka huo huo, wizara zikafuata. Nyumba zilikuwa zile zile, waliozitaka wameongezeka kwa mkupuo, na waliokuja walikuwa na mishahara ya kila mwezi. Kodi zikapaa.

Waliobanwa zaidi si waliohamishwa na serikali. Ni waliokuwepo tangu zamani: mama ntilie, fundi, mwalimu wa shule binafsi. Mwenye nyumba akisikia kuna ofisa kutoka Dar anatafuta nyumba Area C, mpangaji wa siku zote anaambiwa aongeze au apishe. Tanzania haina bei elekezi ya kodi ya nyumba, hivyo mkataba ukiisha bei ni maelewano, na mwenye haraka ndiye anayeumia.

Nyumba hazioti kama uyoga. Ardhi Dodoma ipo tele, tena ya tambarare, lakini kiwanja kinahitaji kupimwa, barabara, umeme na maji. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamishiwa halmashauri, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Viwanja vingi vikapimwa, na maeneo kama Nzuguni na Iyumbu yakaanza kujaa nyumba mpya. Mji wa Serikali nao ukajengwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, ukavuta wapangaji upande huo.

Kwenye eneo linaloitwa leo Jiji la Dodoma, sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Mji ukikua kwa kasi hiyo, nyumba ya bei chee bado ipo, ila ipo mbali na lami na mbali na bomba. Maji hasa. Kwa miaka mingi jiji limetegemea zaidi visima vya Mzakwe, na mgawo wa maji ni jambo ambalo mgeni kutoka Dar hulijua akiwa ameshalipa kodi ya miezi sita.

Hata ndani ya mji mmoja

Mwanza inaonyesha jambo hili vizuri. Mji umebanwa kati ya Ziwa Victoria na vilima vya mawe. Ukisimama Igogo au Mabatini unaona nyumba zimepanda mlimani hadi juu, na vyumba vya juu kule ni rahisi kuliko vya chini, ingawa mandhari ya ziwa ni ya kitalii. Gari halifiki. Maji, mkaa, godoro na hata mgonjwa hupandishwa kwa miguu. Tofauti ya kodi ndiyo malipo ya hiyo ngazi ya mawe.

Nafuu ni ya nani?

Ngazi za mishahara ya serikali ni zile zile nchi nzima. Mwalimu anayetoka Kinondoni kwenda Singida anabaki na mshahara wake, kodi inashuka, na kinachobaki mfukoni kinaongezeka. Huyo kapata nyongeza bila barua ya nyongeza. Vivyo hivyo kwa mstaafu mwenye pensheni, au kijana anayefanya kazi mtandaoni kwa kampuni iliyo mbali.

Kwa fundi cherehani au muuza nguo anayefuata nyumba rahisi, hesabu ni nyingine. Wateja wa mji huo ndio wale wale waliofanya kodi iwe chini. Akilipa nusu ya kodi na mauzo yakashuka kwa zaidi ya nusu, amehamia kwenye hasara.

Kuna pia gharama zisizotajwa na dalali. Mathalani nyumba ya 150,000 kwa mwezi badala ya 300,000. Malipo ya miezi 6 ni 900,000, na kodi ya mwezi mmoja ya dalali, 150,000, inafanya 1,050,000 kabla ya lori la vyombo. 

Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, wengine walipiga hesabu ya kuishi Morogoro na kufanya kazi Dar. Nauli ya kawaida ilianza na shilingi 13,000 kwa safari moja. Kwenda na kurudi ni 26,000, na kwa siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi. Hiyo inapangisha nyumba nzuri tu Dar. Mpango huo unamfaa anayeripoti ofisini mara moja au mbili kwa wiki.

Anayehama bila kuujua mji ni bora achukue chumba cha muda kwanza, hata kwa mwezi mmoja, kabla ya kumwaga kodi ya nusu mwaka. Maswali ya kuuliza ni machache, na aulizwe jirani, siyo dalali: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, barabara ikoje masika, usiku bodaboda ni shilingi ngapi, na mpangaji aliyetoka kabla yake alihama kwa nini.