Mafunzo ya watumishi wa umma yasikomee kwenye cheti

KARANI aliyeingia serikalini mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 25 huenda angali mezani pake hadi leo, kwani umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma nchini Kenya uliongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Alianza kwa taipureta na faili za karatasi. Tangu hapo amekumbana na Katiba ya 2010, serikali 47 za kaunti kuanzia 2013, na mfumo wa ardhi wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Hakuna chuo ambacho kingemwandalia yote hayo kabla ya kuajiriwa.

Haja hiyo ilitambuliwa zamani. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Jeanes School huko Kabete, karibu na Nairobi, kuwafunza walimu ambao baadaye walizunguka shule za vijijini wakiwaelekeza wenzao papo hapo darasani. Mwaka 1961, uhuru ukikaribia, mahali hapo hapo pakaanzishwa Taasisi ya Usimamizi ya Kenya, KIA, ili kuwaandaa Waafrika kushika nyadhifa zilizokuwa za Wazungu. Sheria ya mwaka 2012 iliiunganisha na vyuo vya serikali vya Mombasa, Matuga, Embu na Baringo kuwa Chuo cha Serikali cha Kenya, KSG.

Kozi za usimamizi zinazotolewa huko zina faida, lakini aghalabu afisa huzifuata kwa ajili ya kupandishwa cheo. Akirejea ofisini hukuta faili zile zile, na ni nadra kuulizwa alichojifunza. Wakubwa hutoka semina moja wakaingia nyingine, marupurupu yakiwa kivutio tosha, ilhali karani wa masjala na tarishi hungoja zamu isiyofika. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka nafasi za mafunzo ziwe za kutosha na sawa katika ngazi zote za utumishi.

Elimu inayodumu hupatikana kazini. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, wahasibu waliozoea kupokea maagizo kutoka Nairobi walilazimika kufuata Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, inayotaka wananchi washirikishwe katika kuandaa bajeti. Semina ingeweza kueleza vifungu. Lakini namna ya kumjibu mkaguzi wa hesabu, au kumsikiliza mzee wa kijiji anayedai zahanati, ilifunzwa na kazi yenyewe, tena pale tu ambapo palikuwa na mjuzi aliye tayari kuketi na mwenzake na kumwonyesha.

Hilo halihitaji fedha nyingi. Mkuu wa idara anaweza kutenga saa moja kila juma, kuwazungusha wafanyakazi kutoka dawati moja hadi jingine, na kumtaka anayekaribia kustaafu aandike hatua za kazi yake kabla ya kuondoka. Kikwazo kikubwa ni tabia ya baadhi ya maafisa kuuficha ujuzi wakihofia kupokonywa nafasi. Anayeujua mfumo peke yake akienda likizo, kazi husimama, na mwananchi aliyetoka mbali kufuata hatimiliki ya shamba huambiwa arudi kesho.