Naumwa magoti, mbona nimepewa dawa ya malaria?

Tuseme una miaka 19, unaishi Zirai, na kila asubuhi vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Kuchuma iliki huwezi. Bibi anasema ni baridi ya milimani. Jirani anasema huo ni ugonjwa wa wazee, wewe bado mtoto. Duka la dawa wanakuuzia diclofenac. Mwishowe unashuka mpaka hospitali, daktari anasema ni baridi yabisi, na anakuandikia haidroksiklorokwini. Ukirudi nyumbani, kaka anasoma boksi: "Hii si ndugu yake klorokwini? Kwani una malaria?" Dawa inaishia juu ya kabati.

Kabla hujaiweka huko, sikia ilikotoka, maana sehemu ya hadithi yake ilipita kwa majirani zako wa Amani.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Kati ya mimea waliyopanda ulikuwemo mti wa kwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga pwani na dawa kutoka Ulaya ikawa adimu. Magome ya Usambara yakawa tegemeo la jeshi la Lettow-Vorbeck. Vidonge vilipokosekana, askari walinywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kweli kweli, wakayapa jina la utani "Lettow-Schnaps", yaani kama kusema gongo ya Lettow.

Sasa goti linaingia wapi? Linaingia kwenye vita vilivyofuata. Mwaka 1942 Japani iliteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia. Wanajeshi wa Uingereza na Marekani wakahamia kwenye mepakrini, dawa ya malaria iliyotengenezwa maabara. Mwaka 1951 daktari wa London, Francis Page, aliandika katika jarida la Lancet kwamba amewapa mepakrini wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Ngozi zao zilipata nafuu. Kumbe na wale waliokuwa pia na baridi yabisi, viungo vyao vililegea! Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, haidroksiklorokwini ilikuwa ikitumika kwa ugonjwa wa viungo.

Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, vimelea vilipokuwa sugu. Kwenye viungo usugu huo hauna maana, kwa sababu pale hakuna kimelea cha kuua. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili.

Tatizo ni kwamba inafanya kazi polepole, wiki kadhaa au hata miezi. Diclofenac inatuliza ndani ya muda mfupi. Ukizilinganisha kwa maumivu ya leo, diclofenac itashinda kila siku, huku kiungo kikiendelea kuliwa ndani. Daktari anaweza kukupa zote mbili kwa pamoja, moja ya kukuvusha na nyingine ya kuzuia ugonjwa. Lakini diclofenac ya kila siku bila usimamizi inaumiza tumbo na figo.

Kuna na steroidi. Mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma kotisoni mwanamke aliyekuwa karibu hawezi kujisogeza, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench akapata Tuzo ya Nobel. Lakini sindano zikisimama maumivu yalirudi, na dozi kubwa za muda mrefu zilileta uso kuvimba na mifupa dhaifu. Kwa kijana anayekua, zinaweza kudumaza hata kimo. Basi prednisolone ya kununua dukani kimya kimya, hapana.

Takwimu ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1992. Watoto 127 wenye ugonjwa huu, Marekani na Urusi ya Kisovieti, waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa methotrexate ya dozi nzuri, 63 kwa kila 100 walipata nafuu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani? 36 kwa kila 100. Baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe, ndiyo maana kila mtu kijijini ana mafuta au mizizi "iliyomponya" shangazi yake. Sidhani wanadanganya. Walipaka wakati ugonjwa unashuka.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, uliza kwa kila dawa: hii inatuliza au inazuia? Nisubiri muda gani? Methotrexate humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na haifai kabisa kwa mimba, kwa hiyo binti aseme mapema mipango yake. Haidroksiklorokwini ukiitumia miaka mingi, macho yapimwe.

Na kama boksi liko kabatini tangu mwaka jana, angalia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha shuka nalo kwa daktari.