Ufunguo wa Kabati

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulinunua programu ya kutunzia alama za wanachuo. Muuzaji alipofunga biashara yake, alama za miaka mitatu zikabaki ndani ya kompyuta, tukawa tunaziona lakini hatuwezi kuzitoa. Tuliokolewa na madaftari ambayo karani wetu, mzee mmoja mkaidi, alikataa katakata kuyachoma. Ndiyo maana habari za jiji la Munich, Ujerumani, nimezifuatia kuliko wengi wa rika langu.

Mwaka 2003 kompyuta za jiji hilo, zipatazo 14,000, zilitumia Windows NT 4.0, ambayo Microsoft ilikuwa karibu kuacha kuihudumia. Madiwani walikuwa na njia mbili: kununua toleo jipya, au kuhamia Linux, ambayo ni programu huria, yaani maandishi yake ya ndani hayafichwi, na yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikatiza likizo yake akaenda kumwona Meya Christian Ude, na bei ikashushwa. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani Munich ilifanya ubahili. La hasha! Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya jiji ulionyesha kwamba Windows ingekuwa nafuu. Linux ilipata alama nyingi zaidi kwa sababu nyingine, ile ya kutofungwa na muuzaji mmoja. Mwezi Mei madiwani wakaichagua.

Kazi ilikuwa nzito. Kila idara ilikuwa na mafundi wake na taratibu zake, na maelfu ya fomu yalihitaji kutengenezwa upya. Kuhama kulianza mwaka 2006 na kumalizika 2013. Lakini mwaka uliofuata akaingia meya mwingine, Dieter Reiter. Watumishi walikuwa wakinung'unika, na mwaka 2017 madiwani wakaamua kurudi Windows.

Wapo wanaosema Linux ilishindwa. Mimi sikubali. Wataalamu walioitwa na jiji mwaka 2016 walikuta kwamba tatizo kubwa lilikuwa mpangilio wa kazi ya kompyuta katika idara. Mtu aliyewahi kuongoza ofisi analijua jambo hili: mashine ikigoma, ni rahisi kuilaumu mashine kuliko kumuuliza mkuu wa idara kwa nini fundi hajafika. Hata hivyo, walioanzisha mpango nao wana lawama, maana mtumishi asiyeelezwa sababu ya kuhamishwa huona anasumbuliwa tu.

Mwaka 2020 vyama vilivyoungana kuliongoza jiji vilikubaliana kwamba programu inayoandikwa kwa fedha za umma iwe wazi kwa umma. Na mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, likatangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice, ambayo nayo ni programu huria. Sababu waliyoitanguliza ni kuwa na mamlaka juu ya kumbukumbu zao wenyewe.