Kasha la Risasi Chini ya Cherehani

Ninyi wa visiwani mna makasha yenu ya mbao yenye misumari ya shaba, bibi anamrithisha mjukuu. Kwetu Usukumani kasha letu la urithi lilitoka jeshini.

Liko chini ya meza ya cherehani yangu, hapa Geita. Ni la mbao, lina vishikio vya kamba, na ubavuni lina mishale miwili iliyogusana ncha. Mshale mmoja ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mali ikiuzwa kwa raia, waligonga mshale wa pili, ncha kwa ncha, kuonyesha kwamba si ya wizi.

Lilikuwa la babu, mzee wa Shinyanga. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Tanganyika waliingia Keya, jeshi la mfalme. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944. Babu alirudi salama. Mwaka 1947 Waingereza wakaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru wakavigeuza vya kusafishia pori. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 zimepotea. Babu, aliyekuwa kibarua Urambo, alirudi nyumbani na makasha mawili.

Vitabu vinasimulia vifaru na karanga. Bibi hatajwi. Lakini ndiye aliyeyatunza miaka yote: khanga zake, hela ya pamba, kadi za kliniki za watoto.

Kasha la pili lilikuwa la chuma. Babu alipofariki, mjomba aliliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Ndani yake kilikuwemo cheti cha babu cha kutoka jeshini. Leo hatuna karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alipigana.

Ndiyo maana nilianza kuyanunua. Sasa ninayo matano. Kabla sijalipa namuuliza muuzaji lilikuwa la nani na lilifikaje, naandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko. Nawaomba tahadhari moja: huku machimboni baruti nayo huja kwenye maboksi. Ukikuta kasha lina kitu usichokijua, usiguse, waondoe watoto, ita polisi.

Na kama kwenu lipo, usiliuze kabla hujafika chini kabisa. Kisha kaa na bibi, umuulize.